Irabu Moja

Saa moja asubuhi, Stoke. Mvua ya Novemba haijaamua
inyeshe au iache.
Natoa kibao cha nta kwenye barafu.
Ndani yake mna kipande cha mtu, kidogo kuliko punje ya mahindi.
Nakikata, mikroni nne, kinaelea kwenye maji ya vuguvugu
kama utando wa maziwa yaliyopoa.

Siulizi jina. Kuna namba, na kuna rangi mbili:
zambarau kwa kiini, waridi kwa kilichobaki.

Miaka kumi na mmoja, na nilichojifunza ni kichache.
Seli ikiumizwa haina maneno mengi.
Husinyaa. Huvimba. Huzaliana.
Hujivika sura isiyo yake ili ivumilie,
na ikishindwa hufa:
nyingine kwa adabu, kama mgeni akunjaye mkeka kabla hajaaga,
nyingine kwa fujo, ikimwaga vya ndani
hadi mtaa mzima unawaka.
Wekundu, joto, uvimbe, maumivu.
Huo si ugonjwa, husema Daktari Gwenllian,
ni mwili unaopiga yowe ili watu wakusanyike.
Ila mara nyingine waliokuja kuzima moto
ndio waivunjao nyumba.

Shangazi Mwanashaha hupiga simu kutoka Pangani.
"Huyo jirani yako anayekohoa, nani kamfanya?"
Shangazi, huku hatuulizi nani. Tunauliza nini.
Irabu moja tu. Tumejenga hospitali nzima juu yake.
Kijidudu? Urithi? Sumu?
Chakula, au kukikosa?
Au kosa la herufi moja, seli ilipojinakili usiku
bila ubaya, kama mwanafunzi aliyesinzia?
Mara nyingi ni watatu wameshikana mikono,
na wa nne ni Hatujui,
tunayempa jina la Kigiriki asije akatuaibisha.

"Mna lugha ya baridi," alisema, akakata.

Jirani ni Bwana Tunnicliffe, namba kumi na tisa, Longton.
Miaka thelathini na minne alikwangua kingo za vikombe vikavu
kabla havijaingia tanuri,
udongo uliochanganywa na unga wa gumegume,
vumbi jeupe kwenye nyusi, kwenye mkate, kwenye nywele za mkewe
alipomkumbatia mlangoni.
Kikohozi alikificha majira mawili ya baridi.
Mficha maradhi, tunasema kwetu, na sentensi haina haja ya kumaliziwa.
"Sikuvuta hata sigara moja," aliniambia.
"Nilikosea wapi?"

Juzi kilikuja kipande cha pafu.
Sijui kama ni lake. Longton ina mapafu mengi ya namna hiyo.
Vifundo, duara ndani ya duara, kama kitunguu kilichopasuliwa.
Daktari akageuza vichujio vya mwanga,
na gizani vumbi likametameta,
chembe kwa chembe, angavu, halijaoza, halijazeeka,
limewazidi umri walinzi wote walioimeza
na kufa nayo mdomoni.
Akaandika: silika.
Nini imejibiwa. Slaidi ikarudi sandukuni.

Lakini Bwana Tunnicliffe alishanisimulia habari ya feni.
Ilikuwa dirishani, ikanyonya vumbi, ikaharibika.
Msimamizi akasema kipuri kimeagizwa.
Hiyo ni mwaka sabini na moja.
"Kipo njiani bado," alisema, akacheka,
kicheko kikamgeukia kikohozi,
nikamshikia kikombe hadi kikapita.
Kikombe alikikwangua mwenyewe. Ukingo laini,
ulimi hauoni pa kukwama.

Hakuna rangi ya kuonyesha kipuri ambacho hakikuja.
Hakuna kisu chembamba cha kumkata
mtu aliyejua, akasaini, akaenda kula chakula cha mchana.

Usiku nikampigia shangazi. Kwao alfajiri inakaribia,
sauti yake nzito ya usingizi.
Lile swali lako, nikamwambia.
Uliza tena.